Kugawa duara vipande viwili kwenye Inkscape (programu ya kuchora)

Amri inayotakiwa ni Division, wala si Cut Path, kwa sababu ya kwanza hutoa vipande viwili kamili vyenye rangi yake, ilhali ya pili hukata mzingo peke yake na kuondoa rangi yote ya ndani. Chora duara huku umeshikilia Ctrl ili lisiwe yai, pitisha mstari ulionyooka juu yake, uchague vyote viwili kwa pamoja, kisha ubonyeze Ctrl na mkwaju (/). Mstari huo lazima utokeze nje ya duara pande zote mbili, la sivyo kipande hakitaachana na mwenzake.

Kwa vipande sita vilivyo sawa, mimi naona ni afadhali kutumia zana ya duara yenyewe, ambayo ina visanduku vya Start na End: andika 0 na 60 (digrii), halafu kwenye nakala nyingine ya duara 60 na 120, na kuendelea. Ila kama unakata stika, vipande vya rangi tofauti vipeleke kwenye plota (mashine ya kukatia stika kwa kisu) kimojakimoja, kwa kuwa mstari vinaouchangia utapitiwa na kisu mara mbili na stika inaweza kuchanika.