Barua kwa mwanangu: kidole gumba

Mwanangu Zuhura,

Shangazi yako homa imemwachia, anakusalimu. Unaniuliza: ukienda Kasulu kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la pili, uwafundishe kuhesabu kwa kishikwambi, kwa kuwa mwalimu utakayekaa naye anacho kimoja, vile vya sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu?

Mimi ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, unajua. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 walimu hawakutosha, tukachukuliwa tuliomaliza la saba, tukajifunza ualimu hukohuko shuleni, kwa masomo ya posta na redio. Redio ilinifundisha kazi iliyowalisha ninyi. Siwezi kuitukana.

Lakini kuna siku sijawahi kukusimulia. Mwaka 1986, hapa Ujiji, darasa la kwanza, watoto themanini na kitu. Redio ilikuwa ya shule, betri nimenunua mwenyewe. Kipindi cha hesabu kilikuwa hivi: sauti inauliza, inanyamaza kidogo watoto wajibu, kisha inasema, "Vizuri sana!" Ikauliza tano na nne. Mtoto mmoja wa mvuvi, ambaye darasani alikuwa hafungui kinywa, akasimama akapaza sauti: "Nane!" Redio ikajibu, "Vizuri sana!" Uso wake ulivyong'aa, naukumbuka mpaka leo. Nikamwambia si nane, ni tisa. Akanitazama. "Mwalimu, redio imesema vizuri." Darasa zima likaangua kicheko. Nikaona nimedharauliwa, nikamwambia kaa chini, nyamaza.

Alinyamaza kweli. Mpaka mitihani ya Novemba sikumsikia tena.

Siku ya pili yake nikipita kwenye madawati nikaona kidole gumba chake cha kushoto kimefungwa kitambaa. Ndoana ilikuwa imemchoma. Mkono huo ndio wa tano, kila mtoto anajua, ila yeye alikuwa akihesabu vidole vilivyo wazi. Vinne huku, vinne huku. Vidole vilikuwa vinane, mwanangu.

Utasema kishikwambi kinajua kukosoa. Akibonyeza nane kinamwambia hapana. Ni kweli, na si jambo dogo, maana mimi nisingeweza kuwafikia themanini mmoja mmoja. Lakini kitakiona kitambaa? Mtoto wa umri ule anahesabia mkononi, nimekuambia tangu uko la tano: tazama mkono. Halafu najiuliza, redio ina kosa gani? Macho nilikuwa nayo. Nilisimama palepale, nazungusha eriali kufukuza stesheni ya Bujumbura iliyokuwa ikiingilia. Labda bila redio ningemwona. Labda ningemwita mzembe vilevile na kuendelea na somo. Usiku mwingine naamua hivi, mwingine vile.

Moyo unataka nikuambie ukiache mpaka wafike la tatu. Sitasema. Wewe ndiye utakayesimama mbele yao. Ila ukikitumia, usigande kwenye kioo pamoja nao. Zunguka, tazama mkono.

Kokwa za michikichi za watoto kuhesabia nimeziosha na kuzianika, mia mbili, zimo kwenye mfuko wa unga. Nimempa kondakta wa basi la Kasulu la Jumamosi asubuhi. Zipokee stendi kabla hazijapotea.

Mama yako