Historia yetu si ya Oktoba peke yake

Swali la wiki: Je, mwezi mmoja wa historia ya watu weusi unatosha shuleni?

Hautoshi. Nasema hivyo nikiwa mzazi mzaliwa wa Tanga, ninayelea watoto hapa Cardiff, mji mkuu wa Wales. Sitaki mwezi huo, yaani Oktoba, ufutwe. Ulianza Uingereza mwaka 1987 kwa juhudi za watu kama Akyaaba Addai-Sebo, mzaliwa wa Ghana, na bila wao pengine hata hicho kidogo tusingekipata.

Kinachoniuma ni namna unavyotumika. Oktoba ikiingia, wazazi tunaombwa tupike pilau na sambusa, na watoto waje na kanzu na kanga. Napika kwa moyo mkunjufu, maana mtoto akiona wenzake wanagombea chakula cha kwao, anatembea kifua mbele. Lakini pilau haimwelezi waliomtangulia walipambana vipi hadi yeye akapata nafasi katika nchi hii. Darasani nako ni wapigania haki wa Marekani, Rosa Parks na Martin Luther King, kila mwaka, hadi watoto wanadhani ubaguzi ulikuwa balaa la Marekani tu.

Kumbe ulikuwepo hata Bristol, mji wa Uingereza ulio ng'ambo tu ya mto Severn kutoka kwetu! Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya mji huo ilikuwa haiajiri watu weusi wala Waasia kuwa madereva au makondakta. Kijana wa Kijamaika, Guy Bailey, aliahidiwa usaili. Walipojua ni mtu wa rangi, usaili ukafutwa. Paul Stephenson, Roy Hackett, Owen Henry na wenzao wakawahimiza watu wasusie mabasi. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kuwaunga mkono. Tarehe 28 Agosti kampuni ikasalimu amri, na kondakta wa kwanza asiye mzungu aliyeajiriwa baada ya hapo alikuwa Raghbir Singh, Kalasinga. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya kupinga ubaguzi wa rangi. Hapo mtoto anajifunza kupanga, kuvumilia na kushirikiana na asiyefanana naye. Anaweza hata kupelekwa kuziona barabara zenyewe.

Hapa hapa Cardiff, mtaa wa Butetown, alikulia Betty Campbell. Alipokuwa msichana, mwalimu wake alimkatisha tamaa ya kuwa mwalimu. Akaja kuwa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi Wales nzima, na tangu 2021 sanamu yake imesimama katikati ya jiji. Kila mtoto wa hapa amjue, mweusi kwa mweupe.

Wales imeshapiga hatua: tangu Septemba 2022 historia za watu weusi na jamii nyingine za wachache ni lazima katika mtaala. Sheria ni nzuri, ila mwalimu ambaye hakufundishwa mambo haya atayafundishaje? Apewe mafunzo na vitabu. Novemba, watoto wanapovaa ua jekundu kukumbuka waliokufa vitani, waambiwe pia habari za wapagazi wa Afrika Mashariki, makumi ya maelfu, waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza.

Na sisi wazazi, tukipeleka sambusa zetu, tumuulize mwalimu: somo hili liko darasa la ngapi, na baada ya Oktoba litaendelea mwezi gani?