Maswali ya Wasomaji: Sarafu za Dhahabu na Fedha, Kununua na Kuuza Tena

SWALI: Wahariri, salamu. Nimeonyeshwa sarafu ya madini ya fedha, aunsi moja. Zimepigwa 5,000 tu duniani, ina kasha la mbao na cheti chenye namba. Muuzaji anataka dola 160 na anasema baada ya mwaka itakuwa mara mbili. Ninunue?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Cheti kiweke kando kwanza, tupige hesabu ya madini. Aunsi ya dhahabu na fedha ni gramu 31.1035, si zile gramu 28.35 za aunsi ya kupimia vyakula. Tuseme siku hiyo aunsi ya fedha iko dola 40 sokoni. Hapo unalipa dola 40 za madini na dola 120 za nyongeza. Zile 40 zina mnunuzi kila siku, hata kama sonara atakata kidogo. Zile 120 zinamsubiri mtu mmoja mahususi: anayeitaka sarafu hiyo hiyo, mwaka huo huo, mchoro huo huo.

Ndiyo maana idadi ya sarafu peke yake haisemi kitu. Sarafu 5,000 ni nyingi sana kama wanaoitafuta ni mia nane. Tena chunguza kama kweli ni 5,000. Kuna watengenezaji wanaotoa mchoro mmoja kwa sura nyingi: ya kawaida, ya rangi, iliyopakwa dhahabu, ya aunsi 2, ya aunsi 5, na kila sura ina "idadi maalumu" yake. Jumlisha zote ndipo ujue unashindana na nani siku ya kuuza.

Sasa tazama gharama ya kuuza. Umenunua kwa dola 160 na mwakani umepata mteja wa dola 200 kwenye mnada wa mtandaoni. Ada ya mnada tuiweke asilimia 13, yaani dola 26. Kuituma kwa bima, tuseme dola 25. Mkononi unabaki na dola 149. Bei imepanda kwa robo nzima na bado umepoteza dola 11. Kwa hesabu hizo, sarafu lazima ifike dola 213 hivi ndipo urudishe pesa yako tu.

Zipo zinazoshika nyongeza yake kwa miaka. Tembo wa Somalia, sarafu ya shilingi 100 inayopigwa kwenye kiwanda cha serikali ya jimbo la Bavaria, Ujerumani, ina mchoro mpya wa tembo kila mwaka. Rwanda ina mfululizo wa meli za kihistoria wa faranga 50, ulioanza mwaka 2017 na meli ya Santa María. Hakuna anayenunulia nyanya kwa sarafu hizi. Nguvu yake ni kwamba ni mfululizo: aliyeanza kukusanya hataki pengo, na pengo gumu kuziba huwa ni miaka ya mwanzo, kabla sarafu haijajulikana. Ukitaka kujua bei, usisome bei wanazoomba wauzaji. Tafuta zilizouzwa kweli miezi mitatu iliyopita, angalau tano, kisha uchukue ya katikati.

Kwa sarafu uliyoonyeshwa, jibu letu ni usinunue. Muuzaji mwenye uhakika kwamba itakuwa mara mbili baada ya mwaka angebaki nayo mwenyewe.

SWALI: Marehemu baba ametuachia sarafu mbili za Tanzania za mwaka 1974, ya shilingi 25 yenye twiga na ya shilingi 50 yenye kifaru. Mmoja anatuambia ni fedha safi, mwingine anasema ni nusu tu. Tumwamini nani?
*Msomaji, Moshi*

JIBU: Poleni kwa msiba. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, kwa sababu sarafu hizo zilitoka kwa namna mbili. Ni za mfululizo wa uhifadhi wa wanyamapori. Zile zinazoitwa prufu, zenye uwanja (sehemu isiyo na mchoro) unaong'aa kama kioo na mchoro uliofifishwa kidogo, ni za usafi wa 925 kwa 1000: ya shilingi 25 ina gramu 28.28, ya shilingi 50 ina gramu 35. Za kawaida ni nyepesi, karibu gramu 25 na gramu 32, na usafi wake ni 500, yaani nusu fedha, nusu metali nyingine.

Mizani ya sonara itamaliza ubishi huo kwa dakika moja. Prufu ya kifaru ina gramu 32.4 za fedha halisi, wakati ya kawaida ina takriban 16. Atakayewapa bei moja kwa zote anawapunja upande mmoja.

Katika mfululizo huo ipo pia ya dhahabu, ya shilingi 1,500, yenye duma. Uzito wake ni gramu 33.437, usafi 900, hivyo dhahabu halisi ni gramu 30.1. Ikiwemo kwenye masanduku ya mzee, msiipeleke kwa sonara wa kwanza mnayemkuta. Jirani zetu wa Kenya wana sarafu za dhahabu za mwaka 1966 zenye sura ya Mzee Kenyatta, za shilingi 100, 250 na 500. Ni karati 22, na uzito ni gramu 7.6, 19 na 38. Hizi zikikutwa zote tatu ndani ya kasha lake, zisitenganishwe. Mkusanyaji huwa tayari kuongeza pesa kwa seti kamili.

SWALI: Shikamooni. Nyumbani tuna sarafu ndogo ya dhahabu yenye tembo, imeandikwa 1916. Sonara anataka kuinunua kwa bei ya gramu. Je, tuuze?
*Msomaji, Singida*

JIBU: Marahaba. Msiuze kwa gramu mpaka mjue ni nini. Maelezo yenu yanalingana na rupia 15 ya Tabora, mojawapo ya sarafu zinazotafutwa zaidi katika historia ya Afrika Mashariki. Pia ni kati ya zinazoghushiwa sana.

Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa na vita, meli hazifiki na sarafu hakuna. Walitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko huko kwenu Singida, wakazipiga Tabora katika karakana ya reli. Mji ukaangukia mikononi mwa jeshi la Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huo huo, kazi ikawa imekwisha. Zilizopigwa zote hazizidi elfu 16 na ushei.

Upande mmoja una tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake mlima, chini mwaka 1916 na herufi T. Upande wa pili una tai wa Ujerumani na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na 15 RUPIEN. Kuna aina mbili za upande huu wa tai: ncha ya pambo la kulia huishia chini ya herufi T au chini ya herufi A ya neno OSTAFRIKA. Zote mbili ni halali, mtu asiwaambie moja ni bandia.

Kisha pimeni. Uzito halali ni gramu 7.168, usafi 750, yaani karati 18. Mizani iwe inayosoma 0.01 ya gramu. Pungufu ya sehemu chache za mia za gramu moja kwa sababu ya kuchakaa si jambo. Ikiwa ni 6.5 au 7.9, hapo pana tatizo.

Kipimo cha maji ndicho kinachosema zaidi. Weka kikombe chepesi chenye maji juu ya mizani, ubonyeze irudi sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, itumbukize izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Tone la sabuni majini husaidia mapovu yasigande kwenye sarafu, maana povu moja huharibu hesabu. Namba itakayoonekana ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Dhahabu ya karati 18 hutoa jibu la kama 15, juu au chini kidogo kutegemea ilichanganywa na nini. Kwa sarafu hii mizani itaonyesha karibu 0.47. Ikionyesha 0.84, jibu ni 8.5, na hiyo ni shaba nyeupe iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Kipimo hiki kina mpaka wake. Hakimkamati mghushi aliyetumia dhahabu ya kweli ya karati 18, na wapo, kwa sababu sarafu hii inauzwa juu kuliko madini yake. Hapo tumia lenzi ya kukuza mara kumi. Bandia za kumimina kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo uwanjani, herufi zenye kingo za duara, na mara nyingine mstari mwembamba unaozunguka ubavu. Sarafu halisi za Tabora zilitengenezwa kwa haraka, basi msishangae mkiona kasoro ndogo, lakini kasoro ya kupigwa chapa haifanani na vipele vya kumimina.

Kama imewahi kuvaliwa na imetobolewa au kuchomelewa kishikizo, sehemu kubwa ya nyongeza imekwenda, ila bado inaweza kuzidi bei ya gramu. Msijaribu kukiondoa, wala msiisugue kwa ndimu, majivu au dawa ya meno. Ikipita vipimo vyote, njia nzuri ni kuipeleka kwa kampuni ya kuthibitisha kama NGC au PCGS kupitia wakala, ipewe daraja katika kipimo cha 1 hadi 70 na kufungwa kwenye kasha lenye namba, ndipo iende mnadani, hasa Ujerumani. Minada hukata asilimia 15 hadi 20 kwa muuzaji, na ada hiyo huweza kujadiliwa kwa kitu cha namna hii. Kabla haijavuka mpaka, ulizeni forodha hati zinazotakiwa. Kuisafirisha mfukoni kimyakimya ni njia ya haraka ya kuipoteza yote.

SWALI: Bibi kaniachia riyali saba za fedha za mwaka 1780. Umri wa miaka zaidi ya 240! Hizi si mali?
*Msomaji, Unguja*

JIBU: Ni mali, lakini si kwa sababu ya mwaka. Riyali ya Maria Theresa imegandishwa tarehe ya 1780, mwaka aliokufa malkia huyo wa Austria, na imeendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo huko Vienna, na kwa nyakati mbalimbali Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Uzito ni gramu 28.07, usafi 833, kwa hiyo kila moja ina gramu 23.4 za fedha. Bei yake kwa kawaida haiendi mbali na madini. Angalia ubavu: ya kweli ina maandishi yaliyoinuka kuizunguka. Ubavu mtupu au wenye meno tu ni ishara mbaya.

SWALI: Jamaa anatafuta rupia ya Mjerumani "inayovuta mchele", anasema kuna mnunuzi wa mamilioni. Anataka nichangie pesa ya kipimo.
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Usitoe hata senti. Rupia ya fedha ya Mjerumani ni gramu 11.66 za usafi wa 917, na fedha haivuti mchele, haivuti betri, haivuti hata sindano. Hiyo "pesa ya kipimo" ndiyo biashara yenyewe.

SWALI: Mvuvi ananiuzia sarafu ndogo za shaba alizookota magofuni Kilwa. Niziongeze kwenye mkusanyiko?
*Msomaji, Lindi*

JIBU: Hapana. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na sarafu za masultani wa Kilwa zimepita hapo kwa karne nyingi. Kenya mpaka wao ni mwaka 1895. Mshauri mvuvi awaonyeshe watu wa Mambo ya Kale na mahali alipoziokota, kwa sababu sarafu iliyotolewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa wapi imepoteza nusu ya habari zake.

SWALI: Sarafu zangu za fedha zinaingia weusi, nyingine zina madoa meupe kama maziwa, na mbili zina utelezi wa kijani. Ni chumvi ya bahari?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ni magonjwa matatu tofauti. Weusi unatokana na salfa iliyomo hewani, na unyevu wa pwani huiharakisha. Wabebaji wakubwa wa salfa ndani ya nyumba ni mipira ya kufungia, magazeti, vitambaa vya sufu na baadhi ya mbao za makabati. Ukitanda sawasawa wenye rangi, uache. Wakusanyaji wengine huupenda, na kila kemikali ya kuung'arisha hula tabaka la sarafu.

Madoa ya maziwa hutoka kiwandani, huaminika kuwa mabaki ya vimiminika vya kuoshea vipande kabla ya kupigwa chapa. Hayatoki. Ukinunua kwa kuuza tena, punguza bei unayotoa unapoyaona.

Ule utelezi wa kijani ndio wa haraka. Umetoka kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC, na unakula metali kila siku inayopita. Tia sarafu kwenye bakuli la kioo lenye asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato, dakika kumi hadi ishirini. Geuza, badilisha asetoni, rudia. Usisugue. Itoe, ikaukie yenyewe juu ya karatasi laini. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi na jiko likiwa limezimwa, kwani asetoni hushika moto upesi mno.

Baada ya hapo, kila sarafu ikae kwenye kapsuli ngumu ya kipenyo chake hasa, kapsuli ziingie kwenye boksi linalofungwa kwa mpira wa silikoni, na ndani uweke vifuko vya jeli ya silika. Chagua ile inayobadilika rangi ikishiba maji, uikaushe kwenye oveni ya moto mdogo na kuirudisha. Hapo Mombasa ikague kila mwezi msimu wa mvua. Na daima shika sarafu kwa ubavu, juu ya taulo lililokunjwa: alama ya kidole kwenye prufu huweza kuganda daima, na ndilo jambo la kwanza mnunuzi atakaloliona chini ya taa.