Je, kufunga hifadhi ya bahari kwa watalii kunasaidia?

Mkuu, umeuliza kama kufunga hifadhi kwa watalii kunasaidia au ni geresha tu. Kunasaidia, ila inategemea masharti ya kufungua tena. Tazama Maya Bay, ghuba ya kisiwani kule Thailand: ilifungwa Juni 2018 baada ya nanga na umati, hadi watu 5,000 kwa siku, kuharibu matumbawe. Papa wenye mapezi ya ncha nyeusi wakarudi. Ilipofunguliwa Januari 2022, boti hazikuruhusiwa tena kuingia ghubani. Abiria hushukia upande wa pili wa kisiwa na kuja kwa miguu. Kwangu mimi, hilo la boti ndilo kubwa kuliko yote, maana nanga moja huvunja tumbawe lililochukua miaka mingi kukua. Viingilio? Sawa, mradi fedha zibaki hifadhini.