Wasomaji Wauliza: Malindi kwa Miguu, Majabali na Saa ya Maji

Barua nyingi za mwezi huu zimezungumzia jambo moja: kuchukua chumba Malindi na kutumia siku kadhaa kutembea kando ya bahari, hasa kwenye majabali. Tumechagua chache. Zilizouliza yale yale zimejibiwa humo humo.

Nimeona picha za Waingereza wakitembea juu ya majabali marefu ya bahari mchana, jioni wanarudi kulala mji ule ule. Je, Malindi inafaa kwa matembezi ya aina hiyo? – Msomaji, Nakuru

Inafaa, ila usije ukitafuta kimo. Majabali ya huku ni matumbawe ya kale, yaliyoota chini ya bahari miaka kama 125,000 iliyopita, enzi maji yalipokuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu na kuwa mawe. Mengi ni ya mita chache tu. Wala hakuna njia iliyochongwa juu yake mwanzo hadi mwisho, maana viwanja vya watu na hoteli vimefika mpaka ukingoni. Mwingereza anatembea juu ya jabali. Wewe utatembea chini yake, mchangani na juu ya mwamba, maji yakipwa. Tofauti hiyo ndiyo inayotawala safari yako yote, na ndiyo sababu jibu la barua inayofuata ni refu.

Kama pa kulala, Malindi haina mpinzani kaskazini ya Mombasa. Mji umekuwa ukipokea wageni wa mapumziko tangu miaka ya 1930, kwa hiyo vyumba vya kila bei vipo, soko lipo, maduka ya dawa yapo, na matatu za Watamu, Gede na Mambrui hutoka hapo hapo mjini. Mzigo unabaki chumbani. Asubuhi unapanda tuktuk au matatu hadi mwisho wa njia, kisha unarudi kwa miguu ukielekea nyumbani. Kutembea kwanza halafu kutafuta gari ukiwa umechoka, kiu imekushika na hujui njia ya kutokea barabarani, ni kujitesa bure.

Ukishindwa kabisa kuishi bila jabali refu, tenga alasiri moja uende Marafa, kwenye korongo ambalo wenyeji huliita Nyari. Ni mchanga mgumu uliokatwa na mvua, mwekundu, wa waridi na mweupe, lakini uko bara, hauna bahari. Fika jua likianza kulegea. Mchana kule chini ni tanuri.

Tulifika mwambani saa nne asubuhi tukakuta maji yamejaa hadi ukutani, tukarudi. Tulipouliza, kila mtu alitupa saa yake. Mtu anajuaje? – Mama wa watoto wawili, Thika

Anza na mwezi, si na saa ya mkononi. Maji hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa dakika kama 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu: hayajai sana, lakini pia hayapwi vya kutosha kukufungulia rasi.

Jambo ambalo mgeni haambiwi ni kwamba katika pwani yetu bamvua hupwa karibu saa ile ile kila mwezi, kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi, na tena usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yanapokuwa yamejaa. Bila shaka hiyo ndiyo siku mliyokwenda. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi angalia kalenda ya Kiislamu. Tarehe 1 hadi 3 na 14 hadi 17 ni za bamvua. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 zitumie kwa magofu ya Gede, makumbusho au kulala.

Kuna ubaya wake: saa nne na nusu jua limeshakuwa kali. Tunapendelea siku mbili hivi kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, ambapo maji hupwa karibu na saa tatu na bado hushuka vya kutosha. Unatoka na mahamri yako mkononi saa moja, na kufikia saa tano umeketi kivulini.

Kwa saa kamili tumia jedwali la maji la bandari ya Kilindini linalotolewa na Halmashauri ya Bandari. Malindi haipishani nalo sana. Ukikosa, muulize mvuvi, lakini uliza vizuri. Usiseme “maji vipi leo?” Sema “leo yanakauka saa ngapi?” Atakupa saa, na usipomkatiza atakuambia na upepo.

Sasa hesabu. Tuseme jedwali linaonyesha maji yamekupwa saa nne na nusu, mita 0.3, na yatajaa saa kumi na nusu, mita 3.4. Yatapanda mita 3.1 kwa saa sita, lakini hayapandi sawasawa. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja kati ya kumi na mbili, yaani kama sentimita 26. Saa ya pili sehemu mbili, sentimita 52. Saa ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, karibu sentimita 78 kwa saa. Kisha hulegea tena. Hapo ndipo watu wananaswa: kwa saa nzima wanaona kama bahari imelala, wanapiga picha, halafu ghafla ghuba waliyoingia haina mlango. Ifikapo saa sita na nusu maji yamepanda sentimita 78, mapajani mwa mtu mzima, na bado hayajaanza kukimbia. Kanuni ni hii: anza zikibaki saa moja na nusu au mbili maji yapwe kabisa, pita rasi ngumu kabla au wakati ule ule yamekupwa, na saa moja baadaye uwe mahali penye njia ya kupanda juu.

Nipeni njia tatu nzuri, na mniambie ipi niiache. – Msomaji, Voi

*Casuarina hadi mjini.* Hii ndiyo ya kuanzia. Panda tuktuk hadi Casuarina, kwenye lango la Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, kusini mwa mji. Ukitaka kuingia hifadhini lipia mapema kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwani langoni hawapokei fedha taslimu. Kisha tembea kaskazini kupitia ghuba ya Silversands hadi kwenye rasi yenye nguzo ya Vasco da Gama. Hesabu mwendo wa kilomita tatu kwa saa mchangani, na mbili au chini ya hapo mwambani. Rasi ile ndiyo jabali lenyewe: msalaba juu, wa mawe yaliyotoka Lisbon, na chini bahari inaila miamba miguuni. Maji yakiwa yamekupwa unaweza kuitazama kutoka chini kabla ya kuzunguka na kupanda. Kutoka hapo hadi kanisa dogo la Wareno, msikiti wa Juma na makaburi yake ya nguzo ni mwendo mfupi mjini.

*Watamu, ghuba kwa ghuba.* Kwa macho yetu, hii ndiyo nzuri kuliko zote. Shuka kijijini Watamu, ingia ufuoni, uelekee kusini: ghuba ya Watamu, Blue Lagoon, kisha Turtle Bay. Kati ya ghuba na ghuba kuna rasi ya matumbawe ambayo haipitiki chini yake ila maji yakipwa, na ndani ya maji kuna visiwa vidogo vilivyoliwa kiunoni hadi vikawa kama uyoga. Bamvua ikipwa, mwamba wa chini huwa wazi na vidimbwi hubaki na samaki wadogo ndani. Kanyaga mchanga au mwamba mtupu, usikanyage matumbawe hai, na usichukue kombe wala jiwe. Ni eneo la hifadhi na ni kosa. Ukiwa na nguvu endelea na ufuo mrefu wa mchanga hadi mdomo wa hori ya Mida, na hapo usijaribu kuvuka. Mkondo wa Mida maji yakipwa hutoka kwa kasi ya kumbeba mtu.

*Mjini hadi mdomo wa Sabaki.* Haina majabali, ni mchanga na vilima vya mchanga, lakini ukipenda ndege nenda. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na Galana, huingia baharini kaskazini ya mji. Una viboko na mamba. Usiuvuke kwa miguu hata ukiona watu wamesimama katikati. Anayetaka Mambrui apitie darajani kwa gari.

Ya kuiacha ni ile ambayo vijana hupenda kuipigia debe, Malindi hadi Watamu ufuoni kwa siku moja. Ni ndefu kuliko muda ambao maji yamekupwa, kwa hiyo lazima utanaswa mahali. Ikate vipande viwili uitembee kwa siku mbili.

Mwenzangu alikaa chini ya jabali kupata kivuli, mwenyeji akamfukuza kwa ukali. Kulikuwa na ubaya gani? – Msomaji, Eldoret

Mwenyeji alimwokoa. Jabali la matumbawe huliwa chini, si juu. Pale maji yanapofikia kila siku, chumvi na mawimbi humomonyoa mawe, na konokono na wadudu wa mwambani hukwangua kidogo kidogo, hadi panatokea mfuo uliozama ndani na paa linaloning'inia nje. Siku moja paa hukatika kwa pande zima. Halihitaji dhoruba, mara nyingine mvua ya masika inatosha, ikijaza nyufa kutoka juu.

Tazama rangi. Uso wa zamani ni wa kijivu au mweusi kwa ukungu wa mwambani. Ukiona baka jeupe au la manjano, pande limetoka hapo karibuni, na jirani yake hufuata. Tazama pia chini: mawe yenye kona kali na uso mweupe ni mapya, yaliyolainika na kuota kijani ni ya siku nyingi. Ukiwa juu, ufa unaokwenda sambamba na ukingo ni alama ya kurudi nyuma. Kaa mita mbili kutoka ukingoni, na usikusanyike watu wanne kwa picha moja kwenye ncha.

Nivae nini miguuni, na nikikatwa na mwamba nifanye nini? – Msomaji, Kitui

Raba nzee zenye soli ngumu, zilizofungwa kamba. Ndara huchukuliwa na maji na hukatika mwambani. Viatu vya ngozi hufa siku hiyo hiyo. Beba maji lita mbili kwa mtu kwa matembezi ya saa tatu, kofia na shati la mikono mirefu. Simu iweke ndani ya mfuko wa plastiki.

Kidonda cha matumbawe kinaonekana kidogo lakini huoza upesi, kwa sababu chembe za mwamba hubaki ndani. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, si kwa maji ya bahari, sugua taratibu hadi chembe zitoke, paka dawa ya vidonda, ufunike. Kikiwa chekundu na cha moto kesho yake, nenda zahanati. Ukikanyaga yule mnyama mweusi wa miiba mirefu, au samaki anayejifanya jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu; joto hupunguza nguvu ya sumu. Mtu mwingine ayapime kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu haujui kipimo. Aliyechomwa na samaki-jiwe aende hospitali hata maumivu yakitulia.

Mwezi gani? – Msomaji, Machakos

Oktoba na Novemba, upepo ukiwa umetulia, au Januari hadi Machi wakati wa upepo wa kaskazi. Wakati wa kaskazi bahari ni shwari, lakini udongo wa Sabaki husukumwa kusini na kuchafua ghuba ya Malindi. Maji ya Watamu hubaki safi zaidi. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huleta ubaridi mzuri wa kutembea, pamoja na mawimbi makubwa na mwani mwingi ufuoni. Aprili na Mei mvua. Acha.

Je, Lamu si bora? – Msomaji, Garissa

Kwa majabali, hapana. Kutoka Shela kuna ufuo wa mchanga wa kilomita kama 12 na vilima vya mchanga nyuma yake, ambavyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji. Ni matembezi ya kupendeza, hayana mwamba wa kukunasa, na hayana kivuli hata kimoja.

Vijana wa ufuoni hawatuachi tutembee. Na je, mke wangu avaeje? – Msomaji, Kisii

Salimu kwanza, usipite kama hukusikia. Ukimya ndio unaowafanya wakufuate. Ukitaka kiongozi chagua mmoja, patana bei na mwisho wa safari kabla ya kuanza, ulipe mkifika. Wengine wakiona una mtu wako wataachana nawe. Ufuoni vaa upendavyo kwa heshima. Mkiingia mji wa kale au mkipita karibu na msikiti, mama ajifunge leso na wewe kikoi au suruali ndefu. Usitembee ufuoni baada ya magharibi, na kila asubuhi mwambie mtu wa mapokezi mnakokwenda na saa ya kurudi. Njia za umma za kufika ufuoni zipo kati ya kuta za hoteli. Zihesabu unapokwenda, kwa kuwa kutoka upande wa bahari kuta zote zinafanana.