Jibu: Madereva wanapata kizunguzungu kwenye simuleta ya msafara

Habari mkuu. Umesema vijana wakivaa miwani ya VR (inayomzungushia mvaaji picha za kompyuta) kwa mazoezi ya msafara wa magari ya jeshi kwenye simuleta, yaani mfumo wa kuigiza safari, wanapata kichefuchefu, hasa madereva gari likikata kona. Cheki kwanza nafasi kati ya lenzi mbili, ilingane na macho ya kila mvaaji, wengi wako karibu na milimita 63 lakini hatufanani, halafu angalia picha inakwenda fremu (picha moja moja) ngapi kwa sekunde, ikishuka chini ya 90 hali inazidi kuwa mbaya. Shida yenyewe ni kwamba jicho linaona kona huku sikio la ndani linahisi umekaa tu, ndo maana sisi dereva tulimvua miwani tukampa skrini kubwa na usukani wa kweli, akapata nafuu. Anayejisikia vibaya avue mapema, asijikaze kiaskari.

Na tafadhali muda wote usiishie kwenye kufyatua risasi, simuleta inalipa zaidi kwenye redio na umbali kati ya magari: lipua gari la pili humo kwenye simuleta, sikiliza nani anaripoti na nani anaenda kubanana na la mbele. Breki za lori lenye mzigo wajifunzie kwenye lori lenyewe.