Shilingi mbili za bibi na kushuka kwa Uingereza

Safu iliyopita ilihusu utawala wa Waingereza hapa kwetu, na maswali yamekuja kwa wingi. Najibu manne.

Nchi ndogo ya kisiwani iliwezaje kutawala nusu ya ramani? (Msomaji, Tabora mjini)

Si nusu, ni kama robo. Ilitangulia wengine: makaa ya mawe yalikuwa karibu na bandari, ikapata injini ya mvuke ya James Watt, viwanda vya pamba vya Manchester, na meli za kubeba bidhaa hadi mwisho wa dunia. Lakini kutangulia si kubaki mbele. Kabla ya mwaka 1900 Marekani na Ujerumani zilikuwa zimeshaipita kwa kufua chuma cha pua. Bendera iliendelea kupepea kwa miaka mingi huku mizizi ikishalegea.

Babu alikuwa akisema Wazungu walikuja Urambo kulima karanga kwa vifaru vya vita. Ni hadithi tu? (Msomaji, Urambo)

Babu yako hakutunga. Baada ya vita ya 1939 hadi 1945 Uingereza ilishinda ikiwa hoi. Mkate, ambao haukuwahi kugawiwa kwa kadi hata mabomu yalipokuwa yakianguka London, ulianza kugawiwa kwa kadi Julai 1946. Mafuta ya kula yalikuwa haba, na dola za kuyanunulia nje hazikuwepo. Ndipo wakaamua kulima karanga Tanganyika, ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Nachingwea na huko kwenu Urambo. Matrekta hayakutosha, basi kiwanda cha Vickers kikachukua vifaru vya Sherman na kuvigeuza matrekta ya kung'olea miti. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama sakafu. Januari 1951 mradi ukavunjwa, pauni kama milioni 36 zikiwa zimeteketea. Urambo ikageukia tumbaku.

Kinachoniuma ni kwamba Wanyamwezi walikuwa wakilima karanga tangu zamani. Walijua mvua inaanza lini na udongo upi unafaa. Walihitajika kwa mikono yao, si kwa akili zao.

Baba alichukuliwa manamba kutoka Kasulu kwenda mkonge Tanga. Je, jasho lake lilikuwa na uhusiano wowote na madeni ya Uingereza? (Msomaji, Kasulu)

Uhusiano mkubwa, mama, na swali lako limenigusa. Mwaka 1946 Uingereza ilikopa Marekani dola bilioni 3.75. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba mwenye pauni aruhusiwe kuibadilisha kuwa dola. Ruhusa ikaanza Julai 15, 1947. Watu wakakimbilia dola, na ilipofika Agosti 20 serikali ikafunga dirisha. Dola ikawa kama maji ya kiangazi. Kila koloni lenye kitu cha kuuza Marekani likawa kisima, na Tanganyika ilikuwa na mkonge. Mkonge uliuzwa, dola zikaingia kwenye mfuko wa pamoja London, na sisi tukaandikiwa pauni. Waha waliopanda treni Kigoma na blanketi begani, wakakata majani yale yenye miiba chini ya jua la Tanga, walikuwa wakiisaidia himaya kupumua. Hakuna aliyewaambia hivyo. Walirudi na baiskeli, wengine na kifua kibovu, wengine hawakurudi. Ndiyo maana sikubali mtu akisema uhuru wa makoloni ndio ulioiangusha Uingereza. Ilikuwa imeshaanguka, na makoloni ndiyo yaliyokuwa yakiishikilia.

Pesa yetu nayo ilishuka? (Msomaji, Ujiji)

Bibi yangu aliacha shilingi mbili kwenye kibweta. Ziko mbele yangu ninapoandika. Zote zina simba na kichwa cha Mfalme George wa Sita. Ya 1942 imemwandika kuwa pia mtawala wa India, na robo yake ni fedha halisi. Ya 1950 haina India, na haina hata chembe ya fedha. Ni shaba na nikeli. Bibi hakujua kusoma maandishi yale, lakini alikuwa akizigonga kwenye jiwe na kusema hii inalia, hii hailii.

Shilingi hiyo ilifungwa kwenye pauni, 20 kwa 1. Mwaka 1949 pauni iliposhushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80, nasi tukashuka siku ileile bila kuulizwa. Juni 1966 Benki Kuu yetu ikatoa shilingi ya Tanzania. Novemba 1967 pauni ikashushwa tena, hadi dola 2.40. Safari hii hatukuifuata, na pauni iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14.